Kikohozi Pembeni mwa Uwanja

Mtu wa kwanza kuuita mchezo wangu upuuzi pale Mpanda alikuwa mfanyakazi wa reli, na ndiye aliyenifanya niufundishe kwa miaka. Najua wapo watakaopenda kusikia kwamba niliendelea kwa ajili ya wito, au uzalendo, au upendo wa vijana wa taifa. Hapana. Niliendelea kwa sababu alikuwapo mwanamume mmoja pembeni mwa uwanja akinitukana, nami si mtu wa kutukanwa nikaondoka.

Nilipelekwa Mpanda miaka ya sabini, mwalimu wa kike, kijana, kutoka Tabora, Mnyamwezi wa baba na mama, mrefu, mwenye hasira za karibu. Siku hizi Mpanda ni makao ya mkoa na ina lami. Wakati ule ilikuwa mwisho wa reli, vumbi, miti ya miyombo na asali. Shule yetu ilikuwa Kashaulili, karibu na soko. Asubuhi nilifundisha watoto, na alasiri, kama walimu wote wa enzi hiyo, nilifundisha kisomo cha watu wazima. Darasa langu lilikuwa la akina mama. Walikuja wametoka shamba, mikono ina udongo, na nikianza tu kuandika herufi ubaoni nusu yao walisinzia.

Mpira wa kikapu niliujua chuoni. Nikafikiri, hawa wakikimbia kidogo kabla ya herufi, usingizi utawatoka. Mkuu wa shule alicheka, akasema nifanye ninavyotaka mradi nisimwombe kitu. Kwa hiyo sikumwomba. Fundi mmoja alitukatia nguzo mbili porini, na pete zilikuwa za pipa kuukuu, moja imepinda hadi ikafanana na yai. Uwanja tuliutengeneza wenyewe. Ardhi ya pale ilikuwa ya kichanga, mpira ukiudundisha haurudi. Akina mama waliutazama mpira ulivyokufa mchangani, wakaniambia, mwalimu, hiyo ni kazi ndogo. Wakabeba udongo wa kichuguu, wakaumwagia maji, wakautwanga kwa michi kama wanavyotengeneza sakafu ya kupuria mpunga. Wiki iliyofuata tulikuwa na uwanja mgumu ambao hata mvua ya masika iliupita juu juu.

Tatizo halikuwa uwanja. Tatizo lilikuwa adabu.

Sijapata kufundisha watu wepesi kama wale. Walikuwa na shingo zilizonyooka kwa kubeba ndoo, hawakutazama chini wakikimbia, na mikono yao ilidaka chochote. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kumnyang'anya mwenzake mpira. Kijana akimkaribia mama mtu mzima aliyeshika mpira, alipinda goti kidogo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hamjambo huko?" Na baada ya hapo nani ataweza kupeleka mkono? Nilipuliza kipenga mpaka mashavu yakauma. Niliwaeleza kwamba uwanjani hakuna mkubwa wala mdogo. Waliitikia vizuri sana, "Ndiyo mwalimu," kisha wakarudi kuamkiana.

Hapo ndipo nilipomsikia. Kwanza kilikuja kikohozi, mara mbili, cha mtu anayefungua kikao. Halafu sauti:

"Mwalimu! Huu ni mpira au ni posa? Mbona wanapigiana magoti?"

Niligeuka. Amesimama pembeni, kofia ya reli kichwani, bendera ya kijani na ya nyekundu zimekunjwa kwapani. Kazi yake ilikuwa stesheni, kuipokea treni na kuiruhusu iondoke, na kwa kuwa treni yetu haikuja kila siku, alikuwa na muda mwingi wa kuwasumbua watu. Nilimuuliza yeye ni nani hata anifundishe kazi. Akaniuliza kwanza mimi ni mtu wa wapi. Nilipojibu Tabora, Mnyamwezi, alitupa kofia chini kwa furaha.

"Kumbe mpagazi wangu! Nami nashangaa huyu mtu mrefu bila mzigo kichwani ametokea wapi. Mimi Mzaramo, mama. Nitukane nami nipumzike, nimekaa huku miaka sina wa kunitukana."

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba mizigo mpaka pwani, babu zao wakawapokea, na toka hapo tukapewa ruhusa ya kutukanana mchana kweupe na wajibu wa kuzikana. Mtani hakasirikiwi. Mtani akikuchukulia kuku wako unacheka, na siku ya msiba wako yeye ndiye anayefanya waombolezaji wacheke ili wasife na wao. Kwa hiyo nilimwambia kwamba Mzaramo aliyeuza shamba akacheze ngoma hana haki ya kusema juu ya mchezo wa mtu mwingine. Akacheka mpaka akakohoa tena, safari hii kikohozi cha kweli.

Njiani kwenda nyumbani neno lake lilikuwa bado linaniwasha. Posa! Lakini ndani ya kuwashwa kule nikapata jambo. Mbona mimi nimemtukana mtu mzima, mwanamume, hadharani, na hakuna aliyeona ni utovu wa adabu? Kesho yake niliwapanga akina mama mstari nikamuuliza kila mmoja: wewe mtani wako humu ni nani? Wakatazamana, wakaanza kuchekelea. Kulikuwa na mawifi. Kulikuwa na mabinamu. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kikonongo, mkubwa kuliko wote, aliyekuja na mjukuu wake wa kike. Basi nikatangaza sheria ambayo haimo katika kitabu chochote cha mpira wa kikapu: kila mtu atamkaba mtani wake.

Sijui niseme nini juu ya jioni ile. Uwanja uliwaka. Watu waliokuwa wakiamkiana jana walikuwa wakipokonyana mpira kama kuku wanaogombea funza. "Bibi, lete huo mpira, kaburini hawachezi!" Na bibi, kanga imefungwa kiunoni, anaukumbatia: "Mke mwenzangu, mume nimekuachia, mpira sikuachii!" Mawifi walilipizana ya miaka mitano. Wanaume waliopita kwenda sokoni walisimama na baiskeli zao. Nami nilisahau kipenga mdomoni, nikawa nacheka nacho kinalia chenyewe.

Mmoja tu hakuwa na mtani. Alikuwa Mbende wa kijiji cha Kabungu, kijana, mkimya, mke wa yule Mzaramo wa reli. Alisilimu alipoolewa naye. Alijua kudaka kuliko wote, ila akiupata mpira aliutoa haraka kama kaa la moto, na sauti yake sikuwahi kuisikia zaidi ya "ndiyo mwalimu" na "hapana mwalimu". Kwa kuwa mumewe ni mtani wangu, nikasema basi huyu nitamkaba mimi. Nilimtania kila siku, nikamwambia amefuata nazi akaishia kupata bendera. Alicheka kwa kufunika mdomo. Hakunijibu hata mara moja.

Jinsi alivyofika darasani ni hadithi ya gazeti langu, maana nilikuwa na gazeti. Lilikuwa gazeti la ukutani, karatasi kubwa za kahawia nilizoandika kwa mkono na kuzibandika nje ya darasa kila wiki ili waliokwisha kujua herufi wasizisahau. Nilijiona mwandishi. Nilikuwa nikituma hadithi Dar es Salaam kwenye magazeti ya kweli na kusubiri treni ilete jibu, na treni ilileta chumvi, sabuni na viberiti. Huku ukutani niliandika habari za maana: kisima kimesafishwa, mbegu zimefika, wazazi walete watoto kliniki. Hakuna aliyesoma. Wavutaji tumbaku walichana karatasi wakasokotea sigara zao. Mbuzi nao walilila kwa sababu gundi yangu ilikuwa uji wa unga wa muhogo. Asubuhi moja nilikuta wamebakiza kichwa cha habari tu, nikaketi kwenye ngazi ya darasa nikalia kama mtoto.

Mtani wangu wa reli alinikuta hapo. Alikohoa, akatazama ukuta. "Mpagazi wangu, usilie. Wewe ndiye mwandishi pekee nchi hii ambaye wasomaji wake wanamaliza kila kitu."

Nilishika kalamu kwa hasira. Wiki ile, kona ya chini, nikaandika habari za mtu mmoja wa reli ambaye amepewa bendera mbili kwa sababu hawezi kukumbuka rangi moja, ambaye treni humpigia honi si kwa ajili ya stesheni bali kumwamsha. Mchana wake ukuta ulikuwa na watu. Aliyejua kusoma alisoma kwa sauti, wengine wakamshika mabega. Toka siku hiyo wavutaji tumbaku walichana ukingoni tu, pasipo na maandishi, na akina mama waliweka zamu ya kufukuza mbuzi.

Yeye mwenyewe alikuwa hajui kusoma, wala hakutaka kujifunza. Alisema akili yake imejaa ratiba. Ila ilimuudhi kuwabembeleza watu wamsomee, tena wanasoma huku wanacheka na kuruka mistari. Ndipo alipomshika mkewe mkono akamleta mlangoni kwangu. "Mwalimu, nifundishie huyu kusoma upesi. Nataka nitukanwe nyumbani kwangu, kwa heshima." Na yule binti wa Kabungu akajifunza. Alijifunza kuliko wote darasani, na kitabu chake cha kusomea kilikuwa matusi niliyomwandikia mumewe. Jioni za kubandika gazeti niliwaona wawili hao mbele ya ukuta, mke ananong'ona huku kidole kinafuata mstari, mume ameinamisha sikio, na mara kofia inatupwa chini.

Majibu yake aliyaleta uwanjani. Kikohozi, halafu neno. Kama tumecheza vibaya alisema tumefanana na wapagazi waliosikia simba. Kama tumecheza vizuri alisema tusijisifu, hata saa mbovu ina saa yake. Nami usiku mzima kichwani natafuta jibu, kesho yake liko ukutani. Nilikuwa na furaha. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikulisema. Nilidhani nina hasira tu. Nilirekebisha mazoezi ili asipate la kusema. Nilifuta sentensi na kuiandika upya ili aiangushe kofia. Hakuna mhariri aliyenifundisha kuandika kama mtu yule asiyejua a wala be, na hakuna mwalimu wa michezo aliyenifanya niutazame uwanja kwa makini kama mtu ambaye mpaka siku ya mwisho aliuita mpira wa kikapu "kuchota maji kwenye ndoo isiyo na kitako".

Kisha ukaja mwaka wa njaa. Mvua haikunyesha ilivyopasa, na amri ikatoka kila mtu alime kila mahali. Akina mama walihamia mashambani, wengine mpaka Mpimbwe kwa ndugu zao wenye mpunga, huko wakakesha wakifukuza nguruwe na ndege. Uwanjani tulibaki wachache, siku nyingine hatukutimia hata upande mmoja. Mpira ulitoboka, tukauziba kwa kiraka cha baiskeli, ukawa unadunda upande. Kutoka Dar es Salaam hakukuja jibu la hadithi hata moja. Nikachoka. Nilianza kusema wazi kwamba nitaomba uhamisho nirudi Tabora, kwenye uwanja wa saruji na watu wanaosoma magazeti ya kuchapwa. Niliandika ombi langu, nikalitia mkobani.

Aliposikia, alikuja hadi katikati ya uwanja, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Alikohoa.

"Nenda. Nani atakuzuia? Mpagazi hana kwao, ana mzigo tu. Akiutua hapa, atabeba mwingine kule."

Lo! Sikulala. Ningeondokaje neno kama hilo likiwa halijajibiwa? Ombi likakaa mkobani muhula mzima. Niliandika jibu, naye akajibu jibu, na wale wachache waliobaki wakaja uwanjani, nadhani, kusikiliza tu vita vile vitaishia wapi.

Likizo ilipofika nikaenda Tabora kumwona mama yangu aliyekuwa akiumwa. Safari ya kurudi, treni ikipita porini, nilikuwa natunga. Nilikuwa nimepata tusi moja kubwa, habari ya Mzaramo aliyekwenda mbinguni akaulizwa tiketi. Niliona nimlipue nalo palepale stesheni, kabla sijashusha hata sanduku. Treni ikapunguza mwendo. Nikatoa kichwa dirishani, mdomo tayari umefunguka, nikaiona bendera ya kijani. Mkono ulioishika haukuwa wake.

Homa ilimchukua kwa siku chache, wakaniambia. Alikuwa ameshazikwa. Nilisimama pale na sanduku langu na tusi langu mdomoni, nikahisi nimelimeza kama jiwe.

Muhula ulianza, nikapuliza kipenga, wakaja. Mvua ilikuwa imerudi vizuri, watu wamerudi, tulikuwa wengi tena. Lakini walicheza kimya. Mawifi walipeana mpira taratibu. Mtu akikosa kikapu, wote tulisubiri kidogo, masikio yameelekea pembeni, halafu tukaendelea. Bibi wa Kikonongo alishika mpira, mjukuu wake akamwendea, na kwa macho yangu nikamwona anapinda goti. "Shikamoo bibi." Sikuwa na nguvu hata ya kukemea.

Gazeti ndiyo kabisa. Nilijaribu kumwandikia taazia. Niliandika "marehemu alikuwa mtu mwema, mchapakazi na mpenda watu", nikaisoma, nikaona ningempelekea angenicheka mpaka aone aibu kwa niaba yangu. Nikaichana. Ukuta ukabaki mtupu, wiki baada ya wiki, na gundi ya zamani ikabanduka vipande vipande. Nikalitoa ombi la uhamisho mkobani, nikaandika tarehe mpya. Niliamua kwamba arobaini yake ikipita nitalipeleka ofisi ya elimu.

Mimi sikutaka hata kwenda kwenye arobaini. Bibi wa Kikonongo ndiye aliyenifuata nyumbani. Alikataa kiti, akakaa mkekani.

"Mwalimu, nasikia huji."

"Nitatuma mchele, bibi."

"Mchele hauchekeshi mtu." Akakunja miguu. "Mtu yule hakuwa na ndugu huku. Alizikwa vizuri, wanaume wa msikitini walifanya yao yote. Lakini hakuna mtani aliyemwigiza. Tulikuwa tunakusubiri wewe. Nyie Wanyamwezi na sisi Wakonongo ni kitu kimoja, tutakusindikiza, tutapiga vigelegele. Ila aliyetukanwa naye kila siku ni wewe. Unataka aende hivyo hivyo, kama mzigo uliosahaulika stesheni?"

Hilo la mzigo sijui kama alilichagua makusudi. Nikaenda.

Desturi ni kwamba mtani humwigiza marehemu: anavaa nguo zake, anatembea mwendo wake, anasema maneno yake, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hitima ikasomwa, wali ukaliwa. Kaka wa marehemu, aliyekuwa amefika kutoka pwani kwa treni, aligawa vilivyobaki: koti kwa mwenzake wa stesheni, baiskeli na redio akavichukua mwenyewe, vyombo na kitanda vya mjane. Mjane alikuwa chumbani, katika eda, mlango umerudishwa. Ndugu zake wa Kabungu walikuwa wamekaa kibarazani na walishasema mbele ya watu kwamba eda ikiisha watamchukua akalime nyumbani. Nilisikia hilo nikaona ndiyo hivyo, kila kitu kinaondoka.

Bibi akaniletea kofia na bendera. Wakonongo wakapiga vigelegele. Nikavaa kofia, nikazikunja bendera kwapani, nikasimama katikati ya ua, miguu nimeitanua kama alivyoitanua yeye.

"Mwalimu!" nikasema kwa sauti nzito. "Huu ni mpira au ni posa?"

Watu wachache walitabasamu, kwa huruma. Nikajaribu jingine. "Mpagazi hana kwao..." Nilikuwa nayajua maneno yake yote. Nilikuwa nimeyaandika, nimeyajibu, nimeyakariri kuliko sala, na pale uani yalitoka mdomoni kwangu kama yanasomwa ubaoni. Kaka wa marehemu alitazama chini. Nilijua nimemwangusha mtani wangu, tena kwake, siku yake. Nikashika kofia niivue.

Ndipo kutoka nyuma ya mlango uliorudishwa tukasikia kikohozi. Mara mbili, cha mtu anayefungua kikao.

Nasema kweli, kila kichwa pale uani kiligeukia mlango. Mwanamke mmoja akajishika kifua.

"Mwalimu," sauti ikasema ndani, ndogo lakini inasikika, sauti ambayo miaka yote ile haikuwahi kunipa zaidi ya ndiyo na hapana. "Huyo unayemwigiza ni nani? Mume wangu hakuwahi kutukana mtu kabla hajakohoa. Kohoa kwanza."

Kicheko kilianzia kwa bibi, kikaenda kibarazani, kikawakumba hata wale ndugu wa Kabungu. Kaka wa marehemu alicheka ameegemea ukuta, machozi yanamtiririka ndevuni. Nikakohoa. "Mara mbili!" ikapiga kelele sauti ya ndani. Nikakohoa mara mbili. Na maneno yakaja, Mungu wangu, yakaja yote, hata yale ambayo hakuwahi kuyasema. Nilimtukana Mnyamwezi, nilimtukana mwalimu, niliutukana uwanja, niliipokea treni yenye magurudumu matatu, na kila nilipokosea, mlango ulinirekebisha. Tulilia siku ile. Tulilia vizuri.

Nilirudi nyumbani, nikaliweka ombi mezani. Sikulipeleka kesho yake, wala wiki iliyofuata. Lakini nisiseme uongo: gazeti sikuliandika pia. Nilikwenda uwanjani, nikapuliza kipenga, watu wakacheza, na bado pembeni palikuwa patupu. Nilikuwa nasubiri kitu, sikujua nini. Nilihesabu kwamba eda itaisha, atakwenda Kabungu, na hapo nami nitapata sababu ya kuondoka ambayo mtu mwenye heshima anaweza kuisema.

Eda ikaisha. Sikuambiwa siku. Jioni moja tulikuwa tunacheza vibaya sana, mpira unapita mikononi mwao kama maji, nami mgongo nimeuelekeza pembeni mwa uwanja nikikemea. Kikohozi kikasikika nyuma yangu. Mara mbili.

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nitaharibu. Niliwaona akina mama mbele yangu wamesimama, nyuso zao zinafunguka moja baada ya nyingine, na bibi wa Kikonongo ameweka mpira chini.

"Mwalimu Mnyamwezi," ikasema sauti ya nyuma. "Nimepita ukutani kwako nikitoka nyumbani. Nimesoma mwenyewe, kuanzia juu mpaka chini. Hamna kitu. Wiki zote hizi hujaandika hata tusi moja, na mbuzi wa mtaa huu mbavu zimewatoka kwa njaa."

Nikauliza, bado sijageuka, kama ndugu zake wa Kabungu wamekuja kumchukua.

"Walikuja. Nimewaambia baiskeli imerithiwa, redio imerithiwa, koti limerithiwa. Utani haukugawiwa. Nimeurithi mimi, na mwenye deni nao yuko hapa Kashaulili. Nimwachie nani hapa kazi ya kumkemea huyu mpagazi?"

Alipita mbele yangu, kanga keshaifunga kiunoni, akaokota mpira. Nikamwendea kumkaba, maana ndiyo sheria. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuutoa. Aliushika, akanitazama usoni, akasema, "Nyang'anya, kama babu zako hawakukufundisha kubeba tu," kisha akanizunguka akaurusha, ukagonga ile pete iliyopinda kama yai, ukatoka nje.

"Hata saa mbovu ingeingiza hilo!" nikapiga kelele.

Jioni ile nilikoroga gundi ya unga wa muhogo.